Somo kwa Makatibu: Njia ya Mkato Inapokataa Kufunguka Baada ya Kubadili Kivinjari



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo mno. Ni ile alama ndogo iliyo juu ya uso wa kompyuta ya ofisi, ambayo Katibu huibofya kila asubuhi ili afungue mfumo wa kazi. Alama hiyo huitwa njia ya mkato. Siku ikikataa kufunguka, kazi ya chama husimama, na kazi ya chama ikisimama wakati wa msimu wa korosho, wanachama huuliza maswali mazito.

Madhumuni ya somo ni matatu. Kwanza, msomaji aelewe njia ya mkato ni kitu gani na imebeba nini ndani yake. Pili, aweze kutambua aina ya hitilafu kabla ya kuitafutia tiba. Tatu, chama chake kiweke utaratibu wa kuzuia hitilafu hiyo isirudi.

1. UTANGULIZI

Wanachama wenye umri mkubwa wanakumbuka jinsi hesabu za vyama vyetu zilivyokuwa zikiwekwa katika vitabu vikubwa vyenye majalada magumu. Kitabu kikikosekana, kila mtu alijua kwamba kimekosekana, kwa sababu nafasi yake katika kabati ilikuwa wazi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao la korosho hapa Mtwara mwaka 2007, karatasi zilizidi kuwa nyingi na thamani yake ikazidi kuwa kubwa, lakini bado zilikuwa karatasi za kushikwa mkononi.

Leo hali ni nyingine. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa kifupi kama MUVU, ambao vyama huutumia kupeleka taarifa zao. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho iliingizwa katika mfumo wa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu za chama sasa haiko kabatini. Iko mbali, katika mitambo ya kuhifadhia kumbukumbu, nasi twaifikia kwa kupitia kompyuta na mtandao.

Katibu asiyefahamu jambo hilo ataiona alama ya njia ya mkato kuwa ndiyo daftari lenyewe. Ikitoweka, ataamini kwamba daftari limetoweka. Hapo ndipo hasara huanza.

2. TUKIO LILILONIFUNDISHA

Katika msimu mmoja wa hivi karibuni nilifika katika chama cha msingi kimoja, si mbali sana na Naliendele, kwa ukaguzi wa kawaida. Nje ya ofisi niliwakuta wanachama wapatao ishirini wameketi kivulini. Mnada ulikuwa umekwisha kupita na korosho zimechukuliwa. Orodha ya malipo ya wakulima ilikuwa haijapelekwa kwa siku tatu.

Katibu alinieleza kwamba mfumo “umekufa”. Alipobofya alama iliyozoeleka, kompyuta ilimjibu kwamba kitu kinachotafutwa kimehamishwa au kimebadilishwa, kisha ikamuuliza kama angependa kuifuta alama hiyo. Katibu aliogopa kufuta, na alifanya vema. Akaandika majina ya wanachama katika daftari la shule, akangoja.

Nami, kwa kuwa somo hili ni la ukweli, sina budi kukiri kosa langu. Sikuitazama ile kompyuta. Niliamini moja kwa moja kwamba mtandao ulikuwa na matatizo, nikapiga simu huku na huku kwa muda wa saa mbili. Kila niliyempigia alinijibu kwamba kwake mfumo unafunguka bila taabu.

Wakati huo mzee mmoja aliingia ofisini, akavua kofia yake, akasema: “Bwana Ushirika, twakuomba utuambie ukweli. Fedha zetu zimepotelea ndani ya hilo sanduku, au zimepotelea mfukoni mwa mtu?” Katibu aliinama. Nilitambua kwamba maneno hayo yalikuwa yamesemwa kivulini kwa siku zote tatu, ila hakuna aliyeyaingiza ndani.

Aliyetutoa gizani ni karani kijana wa chama. Alitoa simu yake, akaandika anwani ya mfumo, na ukurasa ukafunguka mbele ya macho yetu. Alipoulizwa, alieleza kwamba wiki iliyotangulia fundi aliyekuja kusafisha kompyuta alikuwa ameondoa kivinjari cha zamani na kuweka kingine. Hakumwambia mtu. Mfumo ulikuwa hai wakati wote, na kumbukumbu zote zilikuwa salama. Kilichokufa ni alama iliyokuwa ikimtafuta mlinda mlango aliyekwisha kuondoka.

Orodha ilipelekwa jioni ile ile. Lakini yafaa nieleze kwamba shaka iliyoingia katika mioyo ya wanachama haikuondoka jioni ile ile. Mkutano Mkuu uliofuata ulitumia muda mrefu kwa jambo hilo, na Katibu ilimbidi ajieleze kwa kosa ambalo hakulitenda.

3. MAANA YA MANENO

Ili tuelewane, tuyaeleze maneno manne.

(a) Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Vinavyotumika sana katika ofisi zetu ni Chrome, Firefox na Edge.

(b) Anwani ni maandishi yanayoonyesha ukurasa ulipo, ambayo aghalabu huanza na herufi https na kuonekana juu kabisa ya kivinjari. Anwani za ofisi za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Mathalan, tovuti ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika ni www.ushirika.go.tz.

(c) Kivinjari chaguo-msingi ni kile ambacho kompyuta imeagizwa kukitumia kila inapokutana na anwani ya mtandao. Kompyuta yaweza kuwa na vivinjari vitatu, lakini chaguo-msingi ni kimoja.

(d) Njia ya mkato ni kibao cha kuelekeza. Mtu akitoka Mtwara mjini kwenda Naliendele akikuta kibao cha njiani kimeanguka, hasemi kwamba Naliendele imehama. Vivyo hivyo njia ya mkato ikiharibika, mfumo upo pale pale ulipokuwa.

4. AINA MBILI ZA NJIA ZA MKATO

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Alama zilizo juu ya uso wa kompyuta zaweza kufanana kwa sura, lakini ndani yake ni za aina mbili.

Aina ya kwanza imebeba anwani peke yake. Faili lake lina mkia wa .url. Likibofywa, kompyuta huisoma anwani, kisha humkabidhi kivinjari chaguo-msingi, awe yeyote yule. Njia ya mkato ya aina hii haijali kama chama kimebadili kivinjari, mradi kivinjari kipya kimewekwa kuwa chaguo-msingi kwa ukamilifu.

Aina ya pili imebeba jina la programu maalumu, na hufuatiwa na maagizo ya kitu cha kufungua. Faili lake lina mkia wa .lnk. Ndiyo inayopatikana mtu anapotumia Chrome yenyewe kutengeneza njia ya mkato ya ukurasa. Alama hii humtafuta Chrome tu. Hata Firefox ikiwekwa kuwa chaguo-msingi, yenyewe itafungua Chrome, na Chrome ikiondolewa, alama itabaki yatima.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Weka kipanya juu ya alama, bofya kitufe cha kulia, kisha chagua neno “Properties”. Ukikuta sehemu iliyoandikwa “Web Document” na ndani yake anwani ya mtandao, hiyo ni aina ya kwanza. Ukikuta mstari ulioandikwa “Target” na mbele yake jina kama chrome.exe au chrome_proxy.exe, hiyo ni aina ya pili.

Wakulima wetu wamefundishwa na watafiti wa Naliendele kutofautisha mkorosho ulioliwa na mbu wa mikorosho na mkorosho wenye ubwiriunga. Yote miwili yaweza kukosa mazao, lakini salfa inayotibu ubwiriunga haiui mbu. Anayepuliza dawa kabla ya kuutambua ugonjwa hupoteza fedha na msimu. Kanuni hiyo hiyo itumike ofisini.

5. HITILAFU NA TIBA ZAKE

Jaribio la kwanza. Kabla ya jambo lolote, fungua anwani ya mfumo kwa simu. Ikifunguka, mfumo ni mzima na hitilafu iko upande wa ofisi yako. Kisha fungua kivinjari kilichomo katika kompyuta na uandike anwani hiyo kwa mkono. Ikifunguka, basi hitilafu iko katika njia ya mkato peke yake. Majaribio haya mawili hayachukui dakika tano, nayo yangeokoa siku tatu za chama nilichokitaja.

Hitilafu A: Kompyuta yasema kitu kimehamishwa au kimebadilishwa. Hii ni njia ya mkato ya aina ya pili ambayo programu yake imeondolewa. Tiba yake ni kuifuta na kutengeneza mpya ya aina ya kwanza. Kufuta njia ya mkato hakufuti kumbukumbu yoyote ya mfumo. Ili kutengeneza mpya, bofya kitufe cha kulia mahali patupu juu ya uso wa kompyuta, chagua “New”, kisha “Shortcut”. Andika anwani kamili ikianza na https, bofya “Next”, ipe jina linaloeleweka, mathalan “MUVU”, kisha bofya “Finish”.

Hitilafu B: Alama yaendelea kufungua kivinjari cha zamani. Sababu zaweza kuwa mbili. Ama alama ni ya aina ya pili, na tiba yake ni kama ile ya A. Ama kivinjari kipya hakijawekwa kuwa chaguo-msingi. Fungua “Settings”, ingia “Apps”, kisha “Default apps”. Katika Windows 10 tafuta “Web browser” na uchague kivinjari unachokitaka. Katika Windows 11 bofya jina la kivinjari, kisha kitufe cha “Set default” kilicho juu. Toleo la kwanza la Windows 11, la mwaka 2021, halikuwa na kitufe hicho, na mtumiaji alilazimika kuchagua mstari mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo hakikisha kwamba HTTP, HTTPS, .htm na .html zote zimeelekezwa kwenye kivinjari kimoja. Mmoja ukisahauliwa, alama nyingine zitafunguka huku na nyingine kule.

Hitilafu C: Alama yafungua maandishi matupu, au kompyuta yauliza itumie programu gani. Hutokea pale ambapo mtu, kwa haraka, alichagua programu isiyofaa na kukubali itumike siku zote. Kutengeneza njia mpya ya mkato hakutasaidia, maana nayo itafuata agizo lile lile baya. Rudi katika “Default apps”, utafute kitufe chenye neno “Reset” ili chaguo zote zirudi kama zilivyokuwa mwanzo. Baada ya hapo kompyuta itaichukua Edge kuwa chaguo-msingi, kwa hiyo weka tena kivinjari chako kama ilivyoelezwa katika B.

Hitilafu D: Ukurasa wafunguka lakini wataka neno la siri. Hii kwa hakika si hitilafu. Kivinjari cha zamani kilikuwa kimelihifadhi neno la siri, na kipya hakilijui. Hatari iko katika tendo linalofuata: Katibu hubahatisha neno moja baada ya jingine mpaka mfumo ukamfungia. Usibahatishe. Ikiwa kivinjari cha zamani bado kimo, maneno ya siri na alamisho zaweza kuhamishwa kwa kutumia sehemu ya kuingizia iliyomo katika mipangilio ya kivinjari kipya. Ikiwa kimeondolewa, fuata utaratibu wa mfumo wa kuomba neno jipya. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi isihifadhi neno la siri la mtu yeyote.

Hitilafu E: Ukurasa wafunguka na kusema muda umekwisha, au anwani haipatikani. Mara nyingi njia ya mkato ilitengenezwa mtu akiwa amekwisha kuingia ndani ya mfumo, kwa hiyo imebeba anwani ya chumba cha ndani badala ya anwani ya mlango. Tengeneza nyingine ukiwa katika ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya kuandika jina na neno la siri.

Hitilafu F: Kivinjari chaonya kwamba mawasiliano si salama. Tazama kwanza tarehe na saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikiisha nguvu, kila umeme unapokatika kompyuta hurudi katika tarehe ya miaka iliyopita, na hati za usalama za tovuti huonekana kuwa hazijaanza kutumika. Rekebisha tarehe. Onyo likibaki hali tarehe ni sahihi, usilipite. Linganisha anwani herufi kwa herufi na ile uliyonayo katika kumbukumbu.

Onyo moja kubwa: njia ya mkato inapokataa, watu wengi hulitafuta jina la mfumo katika mtandao na kubofya jibu la kwanza. Jibu la kwanza laweza kuwa ukurasa wa mlaghai uliofananishwa na ule wa kweli. Anayeandika neno la siri la chama katika ukurasa huo amewakabidhi wezi funguo za ghala.

6. KABLA YA KUBADILI KIVINJARI

Kuna sababu za haki za kubadili. Microsoft ilikomesha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, na mwezi Februari 2023 ikaifunga kabisa katika kompyuta nyingi za Windows 10. Chrome nayo iliacha Windows 7 na Windows 8.1 mwanzoni mwa 2023, na toleo la 109 likawa la mwisho kwa kompyuta hizo. Kivinjari kisichopata marekebisho ya usalama hakifai kubeba kazi za fedha. Kwa hiyo hatukatazi kubadili, ila twataka mabadiliko yafanywe kwa mpango ufuatao:

(i) Yasifanywe katika wiki ya mnada wala ya malipo.

(ii) Katibu na karani wote wawili wajue, na fundi asifanye kazi hiyo peke yake.

(iii) Anwani zote zinazotumika ziandikwe kwanza katika daftari.

(iv) Kivinjari kipya kiwekwe, kifanywe chaguo-msingi, na kila njia ya mkato ijaribiwe kwa kubofywa.

(v) Kivinjari cha zamani kisiondolewe mpaka kazi ya mwezi mzima, pamoja na taarifa zake, imefanyika kwa kipya bila tatizo.

7. DAFTARI LA ANWANI

Napendekeza kila chama kiwe na daftari la kawaida lenye safu nne: jina la mfumo, anwani kamili, wadhifa wa mtu anayeutumia, na tarehe ambayo anwani ilijaribiwa mara ya mwisho. Maneno ya siri yasiandikwe humo hata kidogo. Daftari likae kabatini pamoja na vitabu vingine vya chama, na Mwenyekiti ajue lilipo. Mkaguzi akifika, aonyeshwe. Siku hizi kila niingiapo katika ofisi ya chama, hulitaka hilo kabla ya kitabu cha fedha taslimu.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kurudi nyuma, kuandika kwa kalamu anwani za kompyuta. Nawajibu kwamba kumbukumbu ya chama isiyojulikana na mtu zaidi ya mmoja si ya chama tena. Siku mtu huyo akiugua, au alama ya mbele yake ikikataa kufunguka, wanachama wote hubaki nje wamekaa kivulini. Na wanachama waliokaa kivulini bila maelezo hujitafutia maelezo yao wenyewe.

Jambo la mwisho ni hili. Hitilafu ikitokea, Katibu atoke nje siku ile ile awaambie wanachama: mfumo umekataa kufunguka katika kompyuta yetu, kumbukumbu zenu ziko salama, tunaitafuta sababu, na saa fulani nitatoka tena niwaeleze tulipofikia. Maneno hayo hayahitaji ufundi wowote. Kama yangesemwa siku ya kwanza katika chama kile, yule mzee asingehitaji kuvua kofia na kuuliza swali lake.

MASWALI YA MAJADILIANO KATIKA VIKUNDI

1. Chagueni njia tatu za mkato katika kompyuta ya chama chenu. Kila moja ni ya aina gani, na mmejuaje?

2. Njia ya mkato imekataa, lakini anwani yafunguka kwa simu. Hatua mbili zinazofuata ni zipi?

3. Kwa nini kuifuta njia ya mkato si kufuta kumbukumbu za wanachama? Mweleze mwanachama asiyewahi kutumia kompyuta, kwa maneno yake.

4. Ni nani katika chama chenu, mbali na Katibu, aijuaye anwani ya mfumo wa malipo? Kama hayupo, Kamati ifanye nini kabla ya msimu kufunguliwa?